Mikanda ya kuning'inia na misuli ya kiwiliwili: tupime umeme wa msuli, tupime nguvu, au vyote viwili?

Mwanzisha uzi (mwalimu wa mazoezi, Mkomani, Lamu)

Assalaam aleikum, ndugu zangu.

Mikanda ya mazoezi ya kuning'inia imeenea pwani yetu. Utaikuta imefungwa kwenye miti ya Shela, kwenye nguzo za mabanda ya ufukweni na hata kwenye nyumba za Mji wa Kale, na karibu kila anayeifundisha husema jambo lile lile: kwamba mkanda hulazimisha misuli ya kiwiliwili ifanye kazi zaidi kuliko sakafu. Nimefungua uzi huu kwa sababu madai hayo yana ukweli ndani yake, lakini ukweli huo una masharti, na masharti hayo hayaonekani mpaka mtu aulize ni kitu gani kilichopimwa, kwa chombo gani, na kwa kulinganishwa na zoezi lipi.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kuupinga aupinge vizuri. Vipo vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni umeme wa msuli, yaani elektromiografia, ambao hunasa mawimbi madogo ya umeme yanayopita kwenye nyuzi za msuli pale ubongo na uti wa mgongo vinapouamuru ukaze. Cha pili ni nguvu inayouvuta mkanda, ambayo hupimwa kwa kihisi kilichowekwa kati ya mkanda na mahali ulipotundikwa. Kipimo cha kwanza hueleza ni kiasi gani msuli umeamrishwa. Cha pili hueleza ni sehemu gani ya uzito wa mwili iliyobebwa na mkono au mguu ulioning'inizwa. Hakuna hata kimoja kinachoweza kusimama badala ya mwenzake, na mtu akipima kimoja tu kisha akatoa hukumu kuhusu zoezi zima, hukumu hiyo huwa na tundu.

Tuanze na nguvu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na uwezo wetu. Mwaka 2011 Suprak na wenzake walipima pushapu ya kawaida ya sakafuni wakaona kwamba mikono hubeba takriban asilimia 69 ya uzito wa mwili mtu akiwa juu, na takriban asilimia 75 akiwa chini. Kwa pushapu ya magotini, viwango vilikuwa takriban 54 na 62. Mwaka 2017 Gulmez alifanya jambo kama hilo kwa pushapu ya mikanda, akitumia vihisi vya mvutano kwenye mikanda na bamba la kupimia nguvu chini ya miguu, katika pembe nne za mkanda: digrii 0, 15, 30 na 45. Kadiri pembe ilivyopungua na mwili kukaribia kulala, ndivyo mzigo ulivyohama kutoka miguuni kwenda kwenye mikanda. Katika pembe ya digrii 0 mikanda ilibeba asilimia 50.4 ya uzito wa mwili viwiko vikiwa vimenyooka, na asilimia 75.3 viwiko vikiwa vimekunjwa.

Tazameni tofauti hiyo ya mwisho kwa makini. Ndani ya mshuko mmoja wa pushapu, mzigo uliongezeka kwa karibu nusu ya ulivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo anayeandika namba moja ya wastani kwa zoezi zima ameficha sehemu muhimu ya habari, na anayelinganisha pushapu ya sakafuni na pushapu ya mikanda ya digrii 45, kisha akadai kwamba tofauti ya umeme wa msuli imeletwa na kuyumba kwa mikanda peke yake, amelinganisha mizigo miwili isiyolingana. Huenda msuli umefanya kazi zaidi kwa sababu ya kuyumba, huenda umefanya kazi kidogo kwa sababu mzigo wenyewe ni mdogo, na huenda mambo hayo mawili yamepunguzana. Bila kihisi kwenye mkanda hakuna anayeweza kuyatenganisha.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji (mkufunzi wa ufukweni, Shela)

Waaleikumu salaam, Mwalimu. Nimekusoma kwa utulivu na ninaheshimu hoja yako, lakini mimi nafundisha watu kila asubuhi na ninaona kwa macho yangu. Mtu akishika planki, yaani kuushikilia mwili umenyooka bila kusogea, huku miguu yake imo ndani ya mikanda, tumbo lake huanza kutetemeka mapema kuliko akiwa sakafuni. Je, kutetemeka huko hakutoshi kuwa ushahidi kwamba misuli ya tumbo inafanya kazi kubwa zaidi?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kutetemeka ni dalili ya kitu, wala siipuuzi, lakini si kipimo cha nguvu.

Mtu anaposhika planki kwa muda mrefu bila kusogea, nguvu inayouvuta mkanda hubaki karibu ile ile kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu uzito wake haukubadilika wala mkao wake haukubadilika. Umeme wa msuli, kinyume chake, hupanda polepole: nyuzi zilizotangulia kufanya kazi huchoka, mfumo wa neva huita nyuzi nyingine zisaidie, na mawimbi yenyewe hubadilika yakaelekea kwenye masafa ya chini. Ukimpima mwanafunzi wako mwanzoni mwa planki na mwishoni mwake utapata viwango viwili tofauti vya umeme kwa mzigo mmoja. Huo ndio mfano mwepesi kuliko yote wa kwamba umeme wa msuli si nguvu ya msuli.

Hata hivyo, ulichokiona Shela kina tegemeo la kitaalamu. Byrne na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa planki ya mbele kwa hali nne: sakafuni, mikono ndani ya mikanda, miguu ndani ya mikanda, na vyote viwili ndani ya mikanda. Misuli ya tumbo ilifanya kazi zaidi mikanda ilipotumika, lakini kiwango cha juu kilipatikana pale mikono iliponing'inizwa, na kuning'iniza miguu pamoja na mikono hakukuongeza jambo la maana. Kwa hiyo kama lengo lako ni tumbo, kuihamisha mikanda kutoka miguuni kwenda mikononi kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko kumwacha mtu atetemeke kwa dakika nyingine.

Mchangiaji (mtaalamu wa fiziotherapia, Malindi)

Mwalimu, shukran kwa uzi huu. Naomba niongeze upande wa elektrodi, yaani vibandiko vinavyonasa umeme wa msuli, kwa kuwa huko ndiko watu wengi wanakoharibu kazi kabla hata zoezi halijaanza.

Elektrodi za juu ya ngozi hubandikwa mbili mbili kwa kila msuli, zikifuata mwelekeo wa nyuzi za msuli huo, na mwongozo wa Ulaya uitwao SENIAM unapendekeza umbali wa milimita 20 kutoka kitovu cha moja hadi cha nyingine. Ngozi hunyolewa, husuguliwa kidogo na kusafishwa kwa spiriti. Kwa msuli mnyoofu wa tumbo, watafiti wengi huweka takriban sentimita 3 pembeni ya kitovu. Kwa msuli wa mshazari wa nje, takriban sentimita 15 pembeni ya kitovu. Na kwa misuli inayonyoosha mgongo, takriban sentimita 3 pembeni ya pingili ya tatu ya kiunoni. Msuli mkingamo wa tumbo, ule wa ndani kabisa ambao kila mtu hupenda kuutaja, hauwezi kupimwa peke yake kwa elektrodi za juu ya ngozi. Ukitaka habari zake hasa ni lazima waya mwembamba uingizwe kwa sindano mpaka ndani ya msuli, na hiyo si kazi ya ufukweni. Kinachonaswa juu ya ngozi karibu na nyonga ni mchanganyiko wake na msuli wa mshazari wa ndani.

Kisha kuna moyo. Moyo nao hutoa umeme, na kwenye kiwiliwili mapigo yake huingia ndani ya rekodi, hasa upande wa kushoto. Njia iliyozoeleka ni kuchuja kila kilicho chini ya hezi 30 (mawimbi 30 kwa sekunde), jambo linaloondoa sehemu kubwa ya mapigo huku likiacha sehemu kubwa ya habari za msuli. Kama mtu amepima planki nyepesi na hakuchuja mapigo ya moyo, sehemu ya ile anayoiita kazi ya tumbo ni moyo wa mteja wake.

Nizungumzie pia hali ya hewa yetu, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wakati wa kaskazi, hapa Malindi na huko kwenu Lamu, jasho huanza kabla ya mtu kunyanyua chochote. Jasho hulegeza gundi, elektrodi husogea juu ya ngozi, na unyevu ukiunganisha elektrodi mbili jirani, mawimbi hupungua kana kwamba msuli umelala. Mimi hupendelea kupima alfajiri, ndani ya chumba chenye feni, na kuikagua rekodi baada ya kila zoezi badala ya kungoja mwisho. Na kwa wateja wanawake, kupimwa tumbo na mgongo kunahitaji chumba cha faragha na mpimaji mwanamke. Asiyeweza kuandaa hayo asianze.

Mwanzisha uzi

Dada, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Hilo la faragha ningeliweka mwanzoni kabisa mwa mwongozo wowote wa kupima huku kwetu, kabla ya elektrodi na kabla ya mikanda.

Naomba nikuulize jambo moja linalowahusu wagonjwa wako. Umeme wa msuli mmoja hauwezi kulinganishwa na wa mwingine kwa volti tupu, kwa sababu unene wa mafuta chini ya ngozi, mahali elektrodi ilipobandikwa na ukubwa wa msuli wenyewe hubadilisha kipimo. Ndiyo maana watafiti humtaka mtu akaze msuli wake kwa nguvu zake zote kwanza, bila kiungo kusogea, kwa sekunde 3 hadi 5, kisha vipimo vyote vya zoezi huandikwa kama asilimia ya mkazo huo. Sasa, mtu mwenye maumivu ya kiuno hawezi kukaza mgongo wake kwa nguvu zote, au hataki. Nyinyi hufanyaje?

Mchangiaji (mtaalamu wa fiziotherapia, Malindi)

Mwalimu, umegusa penyewe. Mgonjwa mwenye maumivu hujizuia, na hiyo asilimia mia moja yake huwa ndogo kuliko uwezo halisi wa msuli. Matokeo yake ni kwamba kila zoezi analofanya baadaye huonekana zito kupita kiasi. Unaweza hata kuona asilimia inayozidi 100. Kwa wagonjwa kama hao tunatumia kazi ya kadiri iliyo sawa kwa wote, kwa mfano kunyanyua miguu kwa mkao uliopimwa au kushikilia kiwiliwili bila mzigo wa ziada, na hiyo ndiyo huwa rejea. Haikuambii msuli umefikia sehemu gani ya uwezo wake, lakini inakuwezesha kumlinganisha mgonjwa huyo na yeye mwenyewe wiki kadhaa baadaye. Hata kwa mtu mzima wa afya, asilimia zinazozidi 100 si muujiza wa mkanda. Aghalabu ni alama kwamba mkazo wa rejea haukufanywa ipasavyo.

Mchangiaji (baharia wa mashua, Lamu)

Mwalimu na Dada, mimi si mtaalamu, ila nimekuwa nikishindana katika mbio za mashua tangu ujana, na kijana anayekaa kwenye ubao unaotokeza nje ya chombo ili kuzuia mashua isilale upande anajua tumbo na kiuno ni nini. Vijana wetu wamependa mikanda hii kwa sababu inafanana na kazi hiyo. Swali langu ni la mtu wa kawaida: vihisi vya maabara hatuna, lakini mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, ipo kila mahali. Je, inaweza kutumika?

Mwanzisha uzi

Nahodha, inaweza, na swali lako ndilo nililokuwa nikilingoja.

Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza ndani yake ina kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kinapovutwa, na juu ya chuma hicho kumebandikwa waya mwembamba ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika kwa kadiri ya kuvutwa huko. Kihisi cha maabara hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Tofauti kubwa ni kasi: cha maabara husoma nguvu mara mamia au maelfu kwa sekunde, ilhali mizani ya sokoni husoma mara chache na hungoja mzigo utulie ndipo itoe namba. Kwa hiyo mizani yako inafaa kwa mikao ya kushikilia, kama planki, au pushapu iliyosimamishwa juu na tena chini. Haifai kwa zoezi la haraka, kwa kuwa kilele cha nguvu kitapita kabla haijakiona.

Ining'inize kati ya mahali pa kutundikia na mkanda, ili mvutano wote wa mikono miwili upite ndani yake. Chagua mizani yenye uwezo unaozidi mara mbili uzito wa mtu, na upitishe kamba nyingine imara iliyolegea sambamba nayo, ili ndoano ikifunguka mtu asianguke. Ihakiki kabla ya kuiamini: mitungi ya lita 20 ya maji ya kisima itakupa kilo 20 kwa kila mtungi, pamoja na uzito wa mtungi wenyewe ulioupima ukiwa mtupu. Usitumie maji ya bahari kwa hesabu hiyo, kwa sababu lita 20 za bahari huzidi kwa takriban nusu kilo. Namba ya kilo ukiizidisha kwa 9.81 unapata nyutoni, kipimo cha nguvu.

Zaidi ya mizani, andika pembe ya mkanda. Simu nyingi zina kihisi kinachoweza kusoma mwinamo. Iegemeze kwenye mkanda uliokazwa. Mkanda ukiwa umeinama digrii 30 kutoka wima na mizani ikisoma mvutano wa nyutoni 400, nyutoni 346 ndizo zinazomnyanyua mtu juu, na nyutoni 200 zinamvuta kwa ulalo. Hizo 200 lazima zizuiwe na miguu. Ndiyo maana juu ya saruji iliyochakaa au mchanga mkavu wa Shela miguu huteleza, na mtu anayeteleza hubadilisha mkao, na mkao ukibadilika kipimo chote kimebadilika. Weka jamvi gumu lisilosogea, chora alama ya visigino, na mtu huyo huyo asimame pale pale kila mara.

Mchangiaji (mwanafunzi wa sayansi ya michezo, Mombasa)

Shikamoo, Mwalimu. Naomba msaada wa kuelewa jambo moja. Nikifuata maelezo yako, zoezi ambalo mizani inasoma namba kubwa ndilo zoezi gumu zaidi, na ndilo linalopaswa kuwa gumu zaidi kwa tumbo. Je, si hivyo? Na kama ni hivyo, kwa nini tuhangaike na elektrodi?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu. Si hivyo, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kosa hilo linaingia akilini kwa urahisi mno.

Chukua mtu wa kilo 70, ambaye uzito wake ni takriban nyutoni 687. Yuko kwenye mkao wa juu wa pushapu, mwili umenyooka karibu na ulalo, mikanda imesimama wima. Kitovu cha uzito wake kiko mita 0.95 kutoka kwenye vidole vya miguu, na mikono iko mita 1.40 kutoka hapo. Kwa kanuni ya wenzo, mkanda utabeba 687 mara 0.95, gawanya kwa 1.40, yaani takriban nyutoni 466. Hiyo ni asilimia 68 ya uzito wake, na inakaribiana na ile 69 ya sakafuni niliyoitaja mwanzoni.

Sasa mwambie asukume mikono mbele, kama anayetaka kujinyoosha chini ya mikanda, mpaka mikono iwe mita 1.80 kutoka kwenye vidole. Tuchukulie, ili hesabu iwe nyepesi, kwamba kitovu cha uzito hakikusogea na mkanda umebaki wima. Mkanda sasa unabeba 687 mara 0.95, gawanya kwa 1.80, yaani takriban nyutoni 363. Mizani imeshuka kwa zaidi ya nyutoni 100. Mtazamaji wa mizani peke yake angesema zoezi limekuwa jepesi.

Muulize anayelifanya. Miguu, ambayo mwanzo ilikuwa inabeba nyutoni 221, sasa inabeba 324. Kati ya miguu na mikono kuna daraja refu zaidi, na katikati ya daraja hilo ni kiuno kinachotaka kuzama. Msokoto unaolazimisha kiuno kipinde kwenda chini umeongezeka sana, na kitu pekee kinachouzuia, ukiacha kano na mifupa, ni misuli ya mbele ya tumbo. Katika maisha halisi mkanda huinama mikono ikienda mbele na kitovu cha uzito nacho husogea, kwa hiyo namba zitatofautiana na hizi, lakini mwelekeo ni huo huo: mzigo wa mkanda unashuka, kazi ya tumbo inapanda.

Elektrodi zinathibitisha hivyo. Cugliari na Boccia walichapisha mwaka 2017 kipimo cha wanaume 17 waliofanya mazoezi manne ya mikanda: kusukuma mikono mbele, kuusogeza mwili mzima mbele na nyuma kama msumeno, kuinua nyonga juu huku magoti yamenyooka, na kuvuta magoti kuelekea kifuani. Kusukuma mikono mbele ndiko kulikoamsha msuli mnyoofu wa tumbo na misuli ya mshazari kuliko mengine yote. Katika zoezi hilo na lile la msumeno, msuli mnyoofu na msuli wa mshazari wa nje vilivuka asilimia 60 ya mkazo wa juu kabisa, au vilikaribia hapo, kwenye asilimia 55. Kuvuta magoti kifuani, zoezi ambalo wengi hulipenda kwa sababu lina mwendo mwingi na linachosha pumzi, halikufika huko.

Basi ukitaka kujua mzigo wa mabega na mikono, amini mkanda. Ukitaka kujua kazi ya tumbo, mkanda utakudanganya bila kukusudia, mpaka uuongezee ama hesabu ya wenzo ama elektrodi.

Mchangiaji (mwanafunzi wa sayansi ya michezo, Mombasa)

Nimekuelewa, Mwalimu, na nimeirudia hesabu kwa urefu wangu mwenyewe ikanipa mwelekeo huo huo. Sasa nikifanikiwa kuazima vifaa vya elektrodi kwa mradi wangu, niviunganisheje na kihisi cha nguvu? Na je, vile vibao vidogo vya elektroniki vinavyouzwa kwa bei nafuu vinatosha?

Mwanzisha uzi

Jambo la kwanza ni saa moja kwa vyote viwili. Umeme wa msuli hutangulia nguvu kwa makumi ya milisekunde, kwa sababu amri hufika kwenye nyuzi kabla nyuzi hazijaanza kuvuta. Kama kompyuta moja inarekodi umeme na nyingine inarekodi nguvu bila alama ya pamoja, utaunganisha mshuko wa pushapu na mpando wake. Ikiwa huna kifaa kinachorekodi vyote, gonga mkanda mara moja kabla ya zoezi ukiwa umeweka juu yake kihisi cha mchapuko (kinachonasa mtikisiko) kilichounganishwa na rekodi ya umeme wa msuli, upate mwanzo mmoja unaoonekana kwenye rekodi zote.

Jambo la pili ni kasi. Habari nyingi za msuli kutoka juu ya ngozi zimo chini ya hezi 500, kwa hiyo rekodi angalau mara 1000 kwa sekunde. Vibao vingi vya bei nafuu havikupi mawimbi yenyewe. Vinakupa mstari uliokwisha kulainishwa ndani ya kibao. Mstari huo unatosha kumwonyesha mwanafunzi darasani kwamba tumbo limekaza au limelegea, lakini hutaweza kujua kama mapigo ya moyo yameingia, wala kuchuja upya. Kwa mradi wa chuo, tafuta kifaa kinachotoa mawimbi ghafi.

La tatu ni umeme wa nyumbani, ambao hapa Kenya ni wa hezi 50. Uvumi wake huingia kwenye nyaya za elektrodi. Wengi hukimbilia kichujio kinachofuta hezi 50 peke yake, nami sishauri, kwa sababu msuli wenyewe una habari nyingi katika masafa hayo na utazifuta pamoja. Afadhali utumie kompyuta kwa betri ikiwa imechomolewa ukutani, usafishe ngozi vizuri, na uzifunge nyaya zisipeperuke.

Na ukiandika ripoti yako, weka kwenye jedwali moja asilimia ya mkazo wa juu kabisa, mvutano wa mkanda kama asilimia ya uzito wa mwili, pembe ya mkanda na umbali wa miguu kutoka mahali pa kutundikia. Stuart McGill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walikwenda mbali zaidi mwaka 2014: walipima misuli katika mazoezi ya kusukuma juu ya sakafu na kwenye mikanda, wakakadiria kwa modeli mzigo unaobanwa kwenye uti wa mgongo, na wakaangalia kama maelekezo ya mkufunzi hubadilisha matokeo. Kwa jumla mikanda ilidai kazi zaidi kutoka kwa misuli ya kiwiliwili. Ninawapenda kwa swali lile la uti wa mgongo, kwa sababu misuli ya mbele na ya nyuma ikikaza pamoja huongeza mbano kwenye pingili, na asilimia kubwa ya umeme kwenye jedwali si habari njema kwa kila kiuno.

Mchangiaji (mtaalamu wa fiziotherapia, Malindi)

Hapo nakuunga mkono kwa nguvu zote. Mtu aliyetoka kwenye maumivu ya kiuno juzi hapaswi kupewa zoezi la kusukuma mikono mbele kwa sababu tu limeongoza kwenye jedwali. Mimi huanza naye akiwa amesimama karibu wima, mikono ndani ya mikanda, na hatua za miguu kurudi nyuma ndizo zinazoongeza mzigo kidogo kidogo. Kiuno kikianza kuzama, hatua hiyo imetosha, hata kama mizani inasoma kidogo.

Mchangiaji (baharia wa mashua, Lamu)

Mwalimu, mizani nimeipata ya kilo 200 na nimeihakiki kwa mitungi kama ulivyoelekeza. Nyumba yetu ni ya zamani, dari yake ni boriti za mikoko. Naweza kufunga hapo?

Mwanzisha uzi

Nahodha, naomba usifunge hapo. Mtu wa kilo 70 akishikilia mkao ametulia anaweza kuvuta chini ya uzito wake, lakini akijiachia ghafla mvutano hupanda kwa kilele kifupi kinachoweza kuzidi uzito wake wote, na kilele hicho hurudiwa kila anapofanya zoezi. Boriti ya dari ilikusudiwa kubeba mzigo uliotulia, uliogawanywa kwa boriti nyingi pamoja na mawe na chokaa, na ikiwa mchwa wameingia ndani huwezi kuona kwa nje. Tumia mti mzima wenye tawi nene lililo hai, au nguzo iliyozikwa kwa zege. Ukishapata mahali, tundika kwanza mitungi yenye jumla ya uzito unaozidi wa kijana wako mzito kuliko wote, iache usiku kucha, na asubuhi kagua fundo, ndoano na gome la mti. Kisha nitumie urefu wa tawi kutoka ardhini na urefu wa mkanda, nikukokotolee alama za miguu kwa pembe za 15, 30 na 45 kabla vijana hawajaanza.